Unaanzia Wapi Kuhesabu

Saa ya ukutani hapa Dundee inasema mbili.
Mimi naisoma nane, za usiku,
kwa mazoea ambayo theluji haijayafuta.
Mvua ya barafu inachapa dirisha
na kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja mwekundu:
diski imekufa.

Nauandikia mfumo, nao mfumo unapeleka
maili ishirini za waya, hadi nje ya Perth,
kwenye kabati lenye matundu ishirini na manne.
Siliulizi habari za moyoni.
Kabati halijui kilichoandikwa ndani ya diski zake,
kama bawabu asiyejua wapangaji wanaota nini;
linajua mlango upi uko wazi,
feni ipi inakohoa,
joto la korido limefika nyuzi ngapi.
Naliomba ukurasa wa hali. Linautoa bila kisirani:
umeme wa kushoto, sawa. Umeme wa kulia, sawa.
Feni ya tatu inajikokota, lakini inakwenda.
Tundu la kumi na moja: kimya.

Hapa ndipo tulipojikwaa Novemba.
Nilimwambia Eilidh kwenye simu, "Vuta ya kumi na moja,"
naye, mtoto wa watu, akahesabu kama alivyofunzwa chekechea,
moja, mbili, tatu, kwa kidole chenye glavu,
akavuta ya kumi na moja.
Ila kabati huanza na sifuri.
Ya kumi na moja yake ni ya kumi na mbili yetu.
Aliyoivuta ilikuwa nzima, inapumua, ina kazi mkononi.

Siku tatu, picha za meno za nusu ya Fife
hazikuonekana. Madaktari wakachungulia vinywa kwa tochi
kama watu waliopoteza funguo.
Eilidh alitaka kuacha kazi. Nilimwambia kosa ni langu,
wala halikuwa neno la kumfariji:
mimi niliyelelewa na saa mbili,
ya shuleni na ya mama,
ninayejua kwamba saba ya huyu ni moja ya yule
na wote wawili hufika kwa wakati,
mimi ndiye niliyepaswa kuuliza,
"Unaanzia wapi kuhesabu?"

Leo simtajii nambari.
Naandika amri. Si sawa na kuwasha taa ya chooni:
unausoma ukurasa wote, unabadili alama moja,
unaurudisha mzima kama ulivyoupokea,
na kama katikati ya hayo kabati limebadilika
linaukataa: huu ni wa kizazi kilichopita, soma upya.
Nasoma upya.
Natuma.

Upande wake nasikia feni tu, kama mia,
na viatu vyake juu ya vigae vyenye vitobo.
"Naiona," anasema. "Kaharabu. Inanikonyeza."
Mwenye macho haambiwi tazama,
sawa, lakini waliosema hivyo
hawakusimama mbele ya milango ishirini na minne
inayofanana kama mayai.

"Nisomee kibandiko."
Anasoma. Herufi ya mwisho anairudia: S, siyo F,
S ya Stirling, kwa shangazi yake.
"Vuta."
Mlio mdogo wa chuma, kisha pumzi ya mtu.

Diski mpya imeingia. Asilimia sifuri,
na muda mrefu baadaye, asilimia moja.
Hatuna la kufanya ila kungoja, na hatukati simu.
"Kwako saa ngapi?" ananiuliza,
ingawa tuko chini ya mvua ileile.
"Nane," nasema.
Ananyamaza. Najua anapunguza sita,
kidole kwa kidole, ndani ya glavu.
"Basi mbili," anasema. "Na taa yako bado inakonyeza."

Kweli. Nimesahau kuizima.